Mimi Nshakula

Juzi niliingia kununua sabuni katika duka la Msomali mmoja, katika mji ambao bado sijaamua kama nitakaa. Mwenye duka alikuwa amefungua gunia la basmati, anaupima mchele kwa kopo, na vumbi lake jeupe lilikuwa limesimama kwenye mwanga wa mlangoni. Harufu ya mchele mkavu si kali. Wengine watakwambia hauna harufu kabisa. Mimi ilinishika kisogoni, pale nywele zinapoishia, nikaweka sabuni chini, nikatoka nje na kuegemea ukuta mpaka moyo uliporudi mahali pake. Nimehama miji mingi kuliko ndugu zangu wanavyoona ni heshima. Vyombo huacha, nguo hugawa. Hofu hii sijawahi kuipakia kwenye sanduku, lakini kila ninapofika naikuta imeshafika.

Ilianza Champlin, kitongoji cha Minneapolis, mwaka tuliohamia huko kutoka Brooklyn Park baada ya mama yetu kufariki. Nyie wa rika langu mliokulia pande zile mnazijua nyumba hizo: zimepangwa safu, milango inafanana, zulia ni la rangi ya uji, dirisha la jikoni linatazama maegesho. Bila gari huendi popote. Mto Mississippi ulikuwa nyuma ya miti, na hatukuuona ila majani yakishapukutika. Baba aliendesha teksi ya uwanja wa ndege, akawa anarudi tumeshalala. Tulikuwa watatu tu: yeye, mimi niliyekuwa darasa la nne, na mdogo wangu Twaha aliyekuwa hajaanza shule, ambaye mchana alikaa kwa jirani. Tulikula piza na mayai, na Jumapili tulikula biriani aliyotuletea shangazi kutoka Oakdale.

Majani yalipoanza kuanguka, Baba akamleta Anti Hidaya.

"Huyu ni anti yenu," alisema, funguo za gari zikiwa bado mkononi. "Kumwita mama si lazima. Kumheshimu ni lazima."

Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mzaliwa wa Mombasa, na kabla ya nikaha alikuwa ameishi Minneapolis kwa dada yake. Kitu cha kwanza nilichokiona kwake ni mtandio. Mama yetu alikuwa akiingia ndani tu mtandio unarukia kiti, nywele zinapumua. Anti Hidaya hakuvua. Alivaa kilemba cheusi kilichobana kichwa, na juu ya kilemba mtandio, akipika, akifua, hata akiwa na sisi watoto peke yetu. Halafu ukimwita ukiwa kushoto kwake, yeye aligeuka kulia, akatafuta, kana kwamba kuna mwingine aliyemwita kabla yako. Ilikuwapo pia habari ya kula.

Kupika alipika. Nyumba ile, iliyokuwa na harufu ya maboksi, ilianza kunukia tui na iliki. Alitupakulia wali na maharagwe ya nazi, kisha akakaa pembeni anafuta meza aliyokwisha kuifuta.

"Anti, wewe huli?" Twaha alimuuliza.

"Kuleni, wanangu. Mimi nshakula."

Ndivyo alivyosema kila siku, na hakuna aliyewahi kumwona akila. Sahani yake haikuwa kwenye sinki. Chai aliinywa ametupa mgongo, na ikibidi atugeukie, mkono mmoja ulifunika mdomo. Mimi nilijua ile si kweli, kwa sababu nilirudi kutoka shule mapema siku ya theluji ya kwanza nikakaa naye jikoni tangu saa sita, na hakutia kitu kinywani, hata maji. Twaha alipomuuliza tena, akajibu vilevile, kwa sauti ile ile ya upole. "Mimi nshakula."

Labda ningelizoea jambo hilo, kama watoto wanavyozoea kila kitu, lau si Nasra.

Nasra alikuwa binti wa shangazi, yuko sekondari, na chumba chake kule Oakdale kilijaa riwaya za kutisha za vijana, zile zilizochotwa kutoka masimulizi ya kale ya Kijapani. Alizijua roho za Kijapani kama watoto wengine wanavyowajua wachezaji wa mpira: msichana anayekaa choo cha shule, mwanamke anayetoka kwenye theluji, mwavuli wenye mguu mmoja. "Majini ya kwetu hutaka ubani na halua, yakaondoka," aliniambia. "Ya Japani hayataki kitu. Hayo ndiyo ya kuogopa."

Jumapili moja alinipa kitabu kinene, jalada limechanika pembeni.

"Usinipotezee. Na uende choo kabla hujaanza kusoma."

"Mimi siogopi."

"Hata msichana wa humu ndani alisema hivyo. Ukurasa wa kwanza kabisa."

Msichana wa humo ndani aliishi kijiji cha milimani, theluji hadi madirishani, na baba yake alikuwa bahili. Mke wa kwanza alipokufa, baba akasema ataoa tu mwanamke asiyekula. Akaja mmoja, mzuri, mkimya, mchapakazi, na kweli hakula. Lakini ghala la mchele likaanza kupungua. Msichana akajificha juu darini akachungulia. Akamwona mama wa kambo anapika sufuria nzima, anafinyanga matonge, anafungua nywele zake ndefu. Na nyuma ya kichwa, chini ya nywele, palikuwa na mdomo mwingine, una midomo na meno, na nywele zenyewe zilikuwa zikichukua matonge kama mikono na kuyatia humo. Mchele ulipokwisha, yule mwanamke hakumgusa msichana aliyekuwa anajua. Alimchukua mdogo wa msichana huyo, akamtia mgongoni, akapanda naye mlimani.

Nilisoma sehemu hiyo ndani ya basi la shule, mchana kweupe, watoto wanarushiana kofia. Nilipoinua macho tulikuwa tumefika kituo changu, na Anti Hidaya amesimama pale akinisubiri, mtandio umefungwa, kilemba chini yake. Mikono yake ilikuwa mifukoni. Alitabasamu kwa upande mmoja tu wa uso.

Tangu siku hiyo nikawa ninachunguza. Gunia la mchele tuliliweka kabatini chini ya ngazi, na nilipokuwa nikipita niliuinua mdomo wake na kutia mkono. Siku za Baba peke yake, gunia moja lilikuwa likikaa tukalisahau. Sasa lilikuwa linazama. Sasa hivi, mtu mzima, naweza kusema kwamba nyumba inayopika wali kila siku humaliza mchele, wala hakuna siri hapo. Wakati ule nilitia mkono, nikaona ule mchele umeteremka tena, na baridi yake ikanipanda hadi begani.

Twaha ndiye aliyeniongezea. Tulikuwa tunaoga.

"Anti huongea kwa nyuma," alisema.

"Kwa nyuma vipi?"

"Akiosha vyombo. Mimi nipo nyuma, nasikia anaongea. Lakini haongei na mimi."

"Anasema nini?"

Akafikiri, povu limemjaa masikioni. "Anasema sss, sss, sss."

Nilimpigia Nasra kwa simu ya shangazi. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Kichwa umekiona?"

"Havui."

"Basi angalia gunia. Likiisha, usimwache mtoto peke yake."

"Nasra, lakini hii ni hadithi tu."

"Kila hadithi ilitokea mahali," akasema, kisha nikamsikia anacheka, anamwambia mtu chumbani mwake kwamba mtoto wa mjomba wake ameingia kingi.

Baba nilimjaribu mara moja tu, asubuhi, akinipeleka shule kwa sababu basi lilikuwa limenipita. "Baba, Anti anakula saa ngapi?"

Alizima redio. Niliona amejua ninachouliza. "Hayo ni mambo ya wakubwa, mama," akasema. "Usimuulize anti yako. Utamwaibisha." Nikatazama kioo cha gari, nikayaona macho yake yananikwepa. Ndani ya kitabu pia baba alijua, akanyamaza, kwa sababu nyumba ilikuwa imepata joto tena.

Januari ikaingia. Siku zilikuwa fupi. Jua lilichomoza tukiwa njiani kwenda shule, likazama kabla hujamaliza kuvua buti. Alasiri moja nilirudi nikamkuta Anti Hidaya jikoni, gunia ameligeuza chini juu, analikung'uta juu ya ungo. Zikaanguka punje chache na vumbi. Na Twaha alikuwa mgongoni kwake. Alikuwa amemfunga kwa leso, miguu inaning'inia, shavu lake limelala pale pale nyuma ya shingo, juu ya mtandio, na alikuwa anacheka.

"Mchele umekwisha, wallahi," Anti alisema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwangu. Akamshusha Twaha, akakunja gunia vizuri kama nguo. "Ngoja n'kaswali, halafu n'tajua la kufanya."

Nilimsikia akitia udhu juu. Nilisikia mlango wa chumba chake. Nikamvisha Twaha koti na buti, glovu moja sikuiona, nikamwambia tunakwenda kwa Mama Zainabu. Huyo alikuwa jirani yetu wa zamani, Brooklyn Park, aliyemwosha mama yetu. Njia niliijua kutoka kwenye gari: ukishika mto mkono wa kushoto, unakwenda moja kwa moja mpaka unaona kituo cha mafuta, ghorofa zetu ziko nyuma yake. Kwa gari ilikuwa ni wimbo mmoja na nusu wa redioni.

Sikujua kwamba gari lina joto ndani yake na ndiyo maana njia ni fupi. Mwanzoni tulikwenda vizuri. Theluji ilikuwa kavu, inalia chini ya buti kama unga wa muhogo ukiubana. Kisha njia ya miguu ikatoka kwenye nyumba, upepo wa mtoni ukatupata. Magari ya kuondoa theluji yalikuwa yameisukuma yote pembeni, tukawa tunapanda na kushuka vilima. Twaha alipoteza kofia, nikairudia sikuiona. Alilia kidogo, kisha akaacha kulia, nami nikashukuru. Magari yalipita na taa zimewashwa. Hakuna lililosimama, nadhani tulikuwa wadogo kuliko vile vilima.

"Nataka kukaa," alisema.

"Karibu tufike."

"Nataka kukaa tu."

Akakaa. Nilimvuta mkono, ule usio na glovu, ukawa mgumu na mweupe kwenye vidole, nao haukunishika. Nikakaa naye, nikamfungulia koti langu kumtia ndani. Nakumbuka jua likiwa chini sana ng'ambo ya barabara, kubwa, jekundu, halina joto lolote. Nakumbuka nikifikiri kwamba tumemshinda.

Kisha nikamwona. Alikuwa anakuja kwenye nyayo zetu, ameinama, anazisoma, hatazami mbele. Alivaa jaketi la Baba na buti za Baba juu ya dera, na alikuwa anakimbia vibaya, kama mtu asiyewahi kukimbia juu ya theluji. Sikuweza kusimama. Nilimshika Twaha nikamkaza, nikasema bismillahi, nikasema kila nilichokijua.

Hakunigombeza. Alipiga magoti, akamtazama Twaha machoni, akampiga kofi jepesi shavuni, akampiga tena. "Twaha. Babu wee, n'tazame." Twaha alimtazama kama mtu aliye mbali. Na hapo Anti Hidaya, ambaye sikuwahi kumwona hata unywele, akainua mikono akavua mtandio pale pale barabarani. Akamtia Twaha mgongoni, akamfunga kwa mtandio ule, akatupia jaketi juu yake. Akavua na kilemba, akamzungushia masikio na shingo. Kisha akasimama na kuanza kutembea, kurudi tulikotoka.

"Nifuate," alisema. "Usibaki nyuma."

Nikamfuata, na mdomo ukawa mbele yangu.

Ulianzia nyuma ya sikio la kushoto, ukazunguka, ukashuka hadi kisogoni. Nywele zake zilikuwa fupi kama za mvulana, zimeota kila mahali isipokuwa pale. Ulikuwa umefumba, una rangi ya waridi ya mdomo wa mtu aliyekunywa chai ya moto, na kando zake palikuwa na alama ndogo ndogo zimepangana kama meno yanayosubiri ndani. Shavu la Twaha liliulalia. Kila Anti alipopiga hatua, shavu lilipanda na kushuka juu yake.

Nimejaribu kueleza hofu ile kwa watu wawili watatu maishani, nikashindwa. Haikuwa hofu ya kutojua. Nilikuwa ninajua. Kila neno la kitabu lilikuwa limetimia, hata mgongo, hata theluji, na mimi nilikuwa nyuma yake kwa sababu hapakuwa na mahali pengine duniani palipokuwa na mtu. Nilifikiria kumkata mtandio Twaha aanguke. Sikuwa na kitu cha kukatia.

Yeye alikuwa anaongea bila kuacha, sauti inakatika kwa pumzi. "Twaha, niambie, nyumbani nani yupo? Twaha, ntakupikia nini? Twaha, hesabu magari." Alikuwa anamtaka asilale. Na Twaha alikuwa anajibu. Mimi nilimsikia. Alikuwa anajibu kwa sauti ndogo kabisa, mdomo wake umegusa sikio lile la kushoto: "Nalala sasa, Anti. Nalala." Naye Anti Hidaya akawa anaendelea, "Twaha, waniskia? Niambie nani yupo," kana kwamba mtoto hajasema neno.

Nikaelewa jambo moja, na lilikuwa dogo sana kulinganisha na hofu yangu: sikio lile halisikii. Ndiyo maana aligeuka upande mwingine tulipomwita. Twaha alikuwa anamuaga mtu asiyemsikia, na aliyekuwa anasikia ni mimi tu.

Ili kumwambia upande wa sikio linalosikia ilibidi nimpite. Pembeni kulikuwa na ukuta wa theluji, barabarani magari. Nafasi ilikuwa ya kupenya ubavuni kwake tu, bega langu likigusa dera lake, uso wangu chini ya ule mdomo. Nilifumba macho nikapita. Nilipoyafumbua nilikuwa mbele yake, upande wa kulia.

"Anti. Anasema analala."

Alisimama. "Anasema? Tangu saa ngapi?"

"Tangu kule. Wewe humsikii. Mimi namsikia."

Sura yake ilibadilika, upande mmoja tu. Hakuendelea na njia ya nyumbani. Aliiacha pale pale, akaingia uani kwa watu, kwenye nyumba ya kwanza yenye taa, theluji magotini, akaupiga mlango kwa ngumi zote mbili.

Aliyefungua alikuwa bibi wa Kizungu, mzee, amevaa sweta la mwanamume. Alitutazama: mwanamke kichwa wazi, mtoto mgongoni, mimi. "Ingieni, ingieni haraka," alisema, na hakuuliza lolote mpaka Twaha alipokuwa kwenye kochi, amefunikwa mataulo yaliyotoka kwenye mashine ya kukaushia nguo, miguu yake kwenye mapaja ya Anti. Alipiga simu kuita gari la wagonjwa. Kisha akaleta kikombe cha maziwa ya moto yenye sukari, akamshikisha Twaha.

Twaha alifumba mdomo. Tulikuwa tumefundishwa na mama yetu kutokula kwa watu tusiowajua, na katika usingizi wake wote hilo hakulisahau. Bibi alimbembeleza kwa Kiingereza. Nami nilimwambia, kunywa, Twaha. Alitikisa kichwa, macho yanafumba.

Anti Hidaya alitazama dirishani. Jua lilikuwa bado lipo, ukingo wake tu, juu ya miti. Alilitazama kwa muda ambao sikuuelewa. Kisha akachukua kikombe, akasema bismillahi kwa sauti, akanywa mbele yetu, bila kufunika kwa mkono. Nusu ya mdomo wake ilikunywa. Nusu nyingine haikufunga. Maziwa yakamtoka pembeni, yakateremka kidevuni hadi kwenye dera, naye hakuyafuta.

"Ona," alimwambia Twaha. "Mimi nimekunywa. Sasa wewe."

Twaha akafumbua macho, akamwangalia kidevu. "Umemwaga," akasema. Na akanywa.

Twaha hakupoteza kitu, ila ngozi ya vidole vya mkono mmoja ilibambuka kama ya nyoka. Anti Hidaya ndiye aliyelala hospitali, masikio na vidole vimefungwa bandeji. Baba aliponiuliza kwa nini nilimtoa mtoto nje, nilimwambia yote, pale kando ya kitanda, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuwa peke yangu na jambo hilo: gunia, kitabu, mdomo. Shangazi alikuwepo, akaweka mkono kifuani. Nasra alikuwa amesimama mlangoni. Baba aliinamisha kichwa. Anti Hidaya ndiye aliyecheka. Cheko lake lilikwenda upande mmoja wa uso na kuacha mwingine umelala, na lilinitisha kuliko kitabu.

"Mwanangu," alisema, "ningelikuwa na midomo miwili, deni langu lote la saumu lingekuwa lishakwisha. Ningefunga siku moja ikahesabiwa mbili."

Akanieleza mwenyewe, taratibu, Baba akiwa ametoka. Kiangazi kilichopita, kabla hajaolewa, alikuwa amepasuliwa, kukatolewa uvimbe nyuma ya sikio. Ulipotoka ulichukua usikivu wa upande ule, ukauacha na upande wa uso umekufa ganzi, chakula kikawa kinamponyoka, naye akaona haya kula mbele ya watu. Ramadhani ilimpita yote akiwa kitandani. Deni la mwezi mzima. Na Ramadhani za miaka ile zilikuja na jua lisilozama; basi wanawake wa kwetu wa kule, wenye madeni ya uzazi au ya ugonjwa au ya siku zao, waliyangojea majira ya baridi wakayalipa kimya kimya kwa siku fupi. Hawakuyatangaza, kwa kuwa ukitangaza unaulizwa sababu. Wanaulizwa kama watakula, wanasema wameshakula. Alikula daku kabla hatujaamka na alifuturu chumbani kwake. Zile sss, sss zilikuwa nyiradi.

Nilimsikia. Nilikubali kila neno. Yupo hai hadi leo, alhamdulillahi, na akisoma haya atacheka kwa upande mmoja.

Ile siku ya theluji haikuhesabiwa, kwa kuwa alikunywa jua halijazama. Ikabidi ailipe, na aliilipa mwezi uliofuata, vidole vilipopona. Nilimwambia nataka kufunga naye. Sikumwambia sababu, na sina hakika niliijua.

Alikuja kuniamsha alfajiri, mkono wake begani mwangu. "Amka, mama." Jikoni kulikuwa na taa moja. Alikuwa ameacha kuvaa kilemba ndani ya nyumba, na alikaa ameupa dirisha mgongo. Nje kulikuwa bado giza, kwa hiyo kioo kilikuwa kinaturudishia sisi wenyewe: uso wangu, na kisogo chake. Alipakua wali na maharagwe sahani mbili, akavuta yake, akaanza kula mbele yangu. Punje zilimponyoka, akaziokota, akaendelea.

Nilikuwa nimeshaelezwa. Nilijua ni kovu. Lakini kovu linaloanzia nyuma ya sikio liko karibu na taya, na kila alipotafuna, pale kwenye kioo, ile ngozi ya waridi ilijikunja kidogo, ikatulia, ikajikunja tena, polepole, pamoja naye.

"Kula, mwanangu," alisema. "Adhana i karibu."

Niliogopa. Nikachukua kijiko, nikala.